Namba Kuu, Ongeza Moja

Uliiona. Usiniambie hukuiona. Tarakimu zaidi ya mia sita za shaba, kila moja kubwa kama kichwa cha mbuzi, zimepangwa juu ya lango la Mamlaka ya Visima tangu jiji lijengwe, nawe umepita chini yake kila asubuhi umeinamia viatu vyako kama mtu aliyeangusha sindano. Na siku maji ya kata ya Bondeni yalipokatwa, ulisikia. Ulikuwa huko kwenu Kilimani unasuuza vyombo. Ukafunga bomba, ukatega sikio, ukasema, "Lazima kuna sababu," ukafungua bomba tena. Walipotangaza kwamba wazee watatu wamekufa kwa kiu, ukauliza kama walikuwa wagonjwa tangu zamani. Walipomkamata mlinzi wa lango, ukashusha pumzi: kumbe mwenye kosa kapatikana, tule.

Hukuwa peke yako. Nyemo Chilewa naye alikuwa mtu wa kuinamia viatu, tena yeye alilipwa kwa kazi hiyo.

Alikuwa mkaguzi wa sahihi katika Mamlaka, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama matangi. Katika Jiji la Visima malango ya maji hayafunguliwi na mkono wa mtu. Hupokea amri, na kila amri hubeba sahihi ya aliyeituma. Sahihi hupimwa kwa Namba Kuu, ile ya shaba juu ya lango. Ikikubali, lango linatii. Ikikataa, lango linanyamaza kama jiwe. Sheria ya jiji ina maneno matano tu juu ya jambo hilo, na watoto huyaimba mstarini kabla ya kuingia darasani: sahihi ya Namba haisemi uongo.

Asubuhi moja, baada ya mlinzi kukamatwa, mezani kwake palikuwa na amri iliyofunga lango la Bondeni. Sahihi ilikuwa ya Mahelela, mlinzi wa lango hilo, na Mahelela alikuwa mjomba wake, tumbo moja na mama yake. Nyemo akaipima. Ikakubali. Akaenda kuipima kwa mashine ya chumba cha pili, kama mtu anayebadilisha mganga akitumaini ataambiwa ugonjwa mwingine. Ikakubali.

"Umeganda kama mlenda uliolala," Kabula alimwambia kutoka meza ya jirani. Kabula alikuwa Mnyamwezi na Nyemo Mgogo. Baina ya watu wao utani umekuwepo tangu misafara ya mababu, na hawa wawili hawakuupumzisha hata siku ya mwisho wa mwezi.

"Niache, mpagazi wewe. Leo sina utani."

"Siku isiyo na utani haijaumbwa. Hata ukifa nitakuja kukalia jeneza lako mpaka nipewe kuku." Kabula akasogea, akaiona ile amri, sauti ikamshuka. "Ni ya mjomba?"

"Mahakama inataka cheti. Niandike kwamba sahihi ni yake. Nikiandika, wanamtoa nje."

Kutolewa nje kila mtu mjini alijua ni nini. Unapelekwa Mlango wa Mashariki na chupa moja ya maji, unasukumwa kwenye uwanda wa chumvi, mlango unafungwa nyuma yako. Jiji linajisifu kwamba halinyongi mtu. Kweli halinyongi. Jua ndilo linaloifanya kazi hiyo, na jua halidai mshahara.

"Alifunga yeye?"

"Anasema aliamka akakuta lango limefungwa na jina lake liko juu ya amri."

Mahakama, kwa ukale wake, ilitaka Namba Kuu yenyewe inakiliwe kwenye cheti kwa mkono, tarakimu moja moja. Nyemo alinakili mpaka vidole vikamkauka. Kisha, ili ajue kama ameruka mahali, akafanya kama alivyofundishwa darasa la tano: jumlisha tarakimu zote, jumlisha tarakimu za jibu, endelea mpaka ibaki moja. Nakala ikibaki sawa na asili, kuna matumaini hujakosea.

"Zote mbili nane," akasema.

"Nane kama thelathini na tano," Kabula akadakia, akitafuta la kumchangamsha. "Tano mara saba. Tatu na tano, nane. Na mia moja arobaini na tatu je? Kumi na moja mara kumi na tatu. Moja na nne na tatu, nane. Hizo nilizipenda shuleni, nikaziita namba za watani. Namba tasa mbili zimekaa jirani, katikati nafasi ya mtu mmoja tu. Zizidishe, inabaki nane."

"Kila mara?"

"Ukiacha tatu mara tano, ambayo ina kichwa chake. Zilizobaki zote, nane." Kabula akaangua kicheko. "Si ndiyo ile hadithi ya Sikukuu ya Waasisi! Babu zako na babu zangu walivyogombea urefu!"

Hadithi unaijua. Namba Kuu ni zao la namba tasa mbili, namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kuzizidisha ni kazi ya kupepesa jicho. Kuzitenganisha tena ni kama kukoroga sukari na chumvi kwenye maji, kisha ukamwambia mtu akurudishie kila chembe kwenye kopo lake. Waasisi waliapa kwamba mashine zote za dunia zingehangaika na kazi hiyo mpaka jua lizeeke. Kila mlinzi na kila jaji hupewa ufunguo mmoja uliozaliwa na tasa hizo, lakini anayezijua tasa zenyewe anaweza kuchonga ufunguo wa yeyote na kutia sahihi ya yeyote. Basi jiji lilipojengwa, Wagogo wenye ardhi walipewa heshima ya tasa moja, na Wanyamwezi waliokuja na mitambo wakapewa nyingine. Ikawa vurugu. Wazee wa Kigogo wakasema hawatataniwa na wapagazi mpaka kiama kwamba namba yao ni ndogo. Wanyamwezi wakajibu kwamba heri wafe kiu kuliko kuzidiwa na walaji wa mlenda. Mwisho wakapatana: tasa mbili zilingane kadiri tasa mbili zinavyoweza kulingana, bega kwa bega, asipate mtu la kusema.

Kila mwaka hadithi hiyo inauangusha uwanja mzima kwa kicheko. Wewe umeicheka. Wahandisi wenye vyeti ukutani wameicheka. Hakuna aliyerudi nyumbani akajiuliza: bega kwa bega, karibu kiasi gani?

"Nane si ushahidi," Nyemo alisema. "Katika kila namba tisa kuna moja inayobaki nane."

"Basi ongeza moja."

Maana hiyo ndiyo tabia ya namba za watani. Thelathini na tano, ongeza moja, ni thelathini na sita: sita mara sita. Mia moja arobaini na tatu, ongeza moja: kumi na mbili mara kumi na mbili. Mia nane tisini na tisa ni ishirini na tisa mara thelathini na moja. Iongeze moja uone, mia tisa, thelathini mara thelathini. Yule mtu mmoja anayetosha katikati ya watani wawili ndiye kipeuo cha pili. Ukimjua yeye, umewajua majirani zake wa kushoto na kulia.

Nyemo aliiongeza Namba Kuu moja, akaiamuru mashine itafute kipeuo. Jibu lilikuja kabla hajainua kidole. Kipeuo kilitoka kizima, hakina hata desimali moja ya kujisitiri. Akatoa moja: tasa. Akaongeza moja: tasa.

Kabula hakucheka. "Mgogo," alisema polepole, "tumelala mlango wazi tangu enzi za babu zetu."

*

Nyemo akafanya lile ambalo ungelifanya wewe. Alipanda kwa mkubwa.

Injinia Qamara, Mkurugenzi wa Mamlaka, alikuwa mtu mpole, wa kuuliza hali ya mama yako kwa jina. Alimsikiliza hadi mwisho, akainuka akafunga mlango mwenyewe, akammiminia maji. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza, "Umemwambia nani?"

Hapo Nyemo akaelewa. "Ulijua, Mkurugenzi."

"Aliyenitangulia alijua. Na aliyemtangulia yeye."

"Na Bondeni?"

Qamara akageukia dirisha. "Tangi la Kaskazini lilipasuka kwa chini. Maji yaliyobaki yalitosha kata zote kasoro moja. Hospitali iko Kilimani. Ulitaka niitishe kura? Nani angejipigia kura ya kufa kiu?"

"Ungetia sahihi yako."

"Ningetia yangu, Bondeni wangepanda huku na mashoka. Na wangekuwa na haki, na jiji zima lingeungua kwa haki yao. Nilihitaji jina wanaloliamini. Mahelela akisema lango limefungwa, Bondeni wanangoja. Na kweli walingoja, binti yangu. Kwa utulivu kabisa."

"Walingoja wakafa."

"Watatu." Alilitamka neno hilo kwa huzuni ya kweli. "Sasa sikiliza. Siri hii ingekuwa kitabu kizima, nisingeogopa. Kitabu nani anasoma? Lakini yako ni sentensi moja. Itazunguka jiji kabla chai haijapoa. Kila mhuni atamfungia jirani yake maji. Mwingine atafunga ya hospitali, basi tu, aone itakuwaje. Kuweka namba mpya ni kazi ya miezi, kila lango lipasuliwe tumbo. Watakufa wangapi? Piga hesabu, ndiyo kazi yako."

Nyemo alipiga. Alisimama pale na glasi mkononi, akapiga hesabu kwa uaminifu kama alivyofundishwa, na ubaya ni kwamba mzee huyu hakuwa akidanganya. Ukweli ungeua. Usingeua wenye hatia, bali yeyote ambaye bomba lake lingekuwa karibu na mpumbavu.

"Andika cheti, Nyemo. Mjomba wako ni mtu mmoja." Qamara akamfungulia mlango. "Nitahakikisha anapewa chupa mbili."

*

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona umekonda hivyo? Niliyefungwa ni mimi au wewe?"

Mahabusu ya mahakama ilikuwa na dirisha la wavu, na Mahelela alilisogelea akichechemea. Kabla ya kukamatwa alikuwa mtu wa sauti, anayejulikana kata nzima kwa kuwasalimia watu kutoka mtaa wa pili. Sasa alinong'ona hata pasipo sababu.

Nyemo alimweleza kila kitu. Kisha akausogeza mdomo karibu na wavu, akasema lile alilokuja nalo moyoni.

"Naweza kutia sahihi ya Jaji. Leo hii. Amri ya kukuachia huru. Itakubali kila watakapoipima. Hakuna atakayejua, na hakuna lango litakaloguswa."

Mzee aligeuka akautazama mlango wa mahabusu. Usimdhanie malaika. Alikuwa anataka kuishi, na Nyemo aliona alivyokuwa anataka.

"Halafu nani atakuwa kafunga lango?"

"Haitajulikana."

"Itajulikana. Watatafuta mlinzi mwingine, waandike jina lake." Akaukamata wavu kwa vidole. "Nyemo, mimi nilisimama mbele ya lango lile na rungu. Kijana Lechipya alinijia na nyundo, mama yake Bi Mbeleje yuko ndani anahema kama kuku. Chini ya kila lango kuna gurudumu la mkono, si unajua? Limefungwa kwa lakiri ya Mamlaka. Pigo moja la nyundo, lakiri imevunjika, unazungusha, maji hayo. Nikamwambia, rudi nyumbani, mwanangu, sahihi ni ya kweli. Jina ni langu, mimi sikuituma, lakini sahihi ni ya kweli, basi huenda nimeituma usingizini. Unausikia ujinga huo? Nilijishuku mimi kabla ya kuishuku namba."

"Mjomba..."

"Sahihi ya uongo ndiyo iliyonizika. Usinifukue kwa nyingine."

"Nikisema hadharani watu watakufa. Watu ambao hawajafanya lolote."

"Huenda." Hakumdanganya. "Hapo sina la kukusaidia, utabeba mwenyewe. Lakini usiseme kama mwizi anayetupa funguo barabarani akakimbia. Waambie walinzi wa malango kwanza, wote. Wakae na nyundo. Siku namba inakufa, mikono iwe tayari kwenye magurudumu. Namba ikifa, maji yasife nayo."

*

Mamlaka ilikuwa imezishikilia maiti za Bondeni kwa uchunguzi. Ilipomtoa Bi Mbeleje, kata nzima ilishuka makaburini, na wakubwa nao wakaja, maana wakubwa hawakosi msiba wa mtu waliyemuua. Qamara alisimama mstari wa mbele na kofia mkononi. Kamera za jiji zilikuwa zinarusha moja kwa moja. Walinzi wa malango hawakuonekana hata mmoja, na watu wakanung'unika kwamba walinzi hawana utu. Hawakujua Nyemo na Kabula walikuwa wamepita lango kwa lango, wakinong'ona.

Jeneza lilipokaribia, Kabula akachomoka katikati ya waombolezaji, akaruka, akaingia kaburini na viatu vyake.

"Hazikwi mtu hapa!"

Wanawake wa Bondeni, macho yamewavimba kwa kulia, wakaanza kucheka. Mtani kaingia kazini. Sheria ya waasisi iko wazi: neno la mtani msibani halina kesi, hata akimtukana marehemu, hata akimtukana Mkurugenzi.

"Mbeleje huyu alikuwa mchoyo wa maji!" Kabula alipiga kelele kutoka chini. "Nilimwomba kikombe, akaniambia wapagazi wanakunywa jasho! Leo kafa kwa kiu. Mungu ananishinda utani!"

Kicheko kikapanda, kikavunjika katikati, kikawa kilio, kikarudi kuwa kicheko.

"Toka, Kabula, tukupe kuku!" Lechipya, mwana wa marehemu, alimwambia kama ilivyo desturi, machozi yakimtiririka.

"Sitaki kuku! Wagogo kuku wao mifupa mitupu! Nataka kujua jambo moja kabla sijafa na mimi. Nani mkubwa, namba yenu au yetu?"

Watu wakapiga makofi. Hadithi ya waasisi, inajulikana. Ni Qamara peke yake aliyenyanyua kichwa.

Kabula alikuwa anamtazama Nyemo. Walikuwa wamekubaliana hivyo: mdomo ni wa Kabula, uamuzi si wake. Nyemo aliona udongo mwekundu kwenye magoti ya rafiki yake. Alimwona Qamara anatikisa kichwa, taratibu, si kwa vitisho, kwa kusihi, kama baba anayemwona mwanawe amepanda ukingoni mwa tangi. Aliwaona wagonjwa wa hospitali asiowajua, kitanda baada ya kitanda. Akamwona mjomba wake na rungu, akiwarudisha watu nyumbani kwa jina la namba ambayo mkubwa aliijua kuwa mbovu. Kesho jina litakuwa la nani? Na keshokutwa?

Akaitikia kwa kichwa.

"Walilala kitanda kimoja, hao watani!" Kabula akapaza sauti mpaka ikapasuka. "Katikati wakaacha nafasi ya mtu mmoja! Chukua Namba Kuu, ongeza moja, tafuta kipeuo cha pili! Utawakuta kushoto na kulia wameshikana mikono, na Mkurugenzi kalala miguuni pao miaka yote hii akijitilia sahihi za majina yenu! Haya! Sasa mzikeni!"

Watu walicheka. Nakwambia walicheka, kwa mazoea. Kisha mtu mmoja akatoa kikokotoo mfukoni. Kisha wa pili. Kicheko kikafa kuanzia nyuma kuja mbele.

*

Qamara hakukosea. Aandikiwe hilo.

Udongo haujasawazishwa, lango la Sokoni likafunga, likafungua, likafunga. Chemchemi ya uwanja wa waasisi ikaruka juu ikamwaga maji ya siku nzima kwenye lami. Na mtu fulani, ambaye mpaka leo hajajitokeza, aliyapelekea malango mawili ya hospitali amri ya kufunga. Walinzi walikuwepo na nyundo. Lakiri zikavunjika. Gurudumu moja likazunguka. La pili lilikuwa halijaguswa tangu lifungwe, limeshikwa na kutu, na mpaka walipoleta nondo na watu wanne wa kulivuta, Matle, fundi viatu, aliyekuwa kwenye mashine ya kusafisha damu, alikuwa ameshakufa.

Nyemo mwenyewe alikwenda kwa mke wa Matle. Hakujitetea. Yule mama hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza. Walisimama mlangoni, wote wawili, mpaka majirani wakaja kumwondoa Nyemo.

Lakini sikiliza na upande huu, usije ukaondoka na nusu. Kabla ya jua kuzama kila lango lilikuwa na watu kwenye gurudumu. Mama lishe, makondakta, waliomaliza zamu viwandani. Waligawana maji kwa kuitana majina, kwa kugombana, kwa mtu kusimama juu ya tangi akipima kwa fimbo na kutangaza kilichobaki mbele ya wote. Bondeni walipata maji. Kilimani mlipata pungufu kidogo. Mlilalamika sana.

Ndipo ikaja mahakama.

Jaji Mkumbo ni mwanamke asiyeyumba, na alisema jambo ambalo Kabula na Nyemo hawakuliwaza. Neno la mtani msibani halina kesi, ndiyo. Na kwa sababu halina kesi, halina ushahidi. Huwezi kumfunga mtu kwa mzaha, na huwezi kumfungua mtu kwa mzaha. Mbele ya sheria, hakuna aliyesema lolote kuhusu Namba Kuu.

Nyemo akainuka kwenye benchi la wasikilizaji. Safari hii hakuvitazama viatu vyake.

"Naitwa Nyemo Chilewa, mkaguzi wa sahihi. Mimi simtanii mtu. Namba Kuu ukiiongeza moja ni mraba kamili. Tasa zake ni pacha. Sahihi ya mjomba wangu ingeweza kutiwa na yeyote anayejua hilo, na Mkurugenzi alijua. Nimehesabu mwenyewe."

Kutaja vigawo vya Namba Kuu ni kosa la kutolewa nje. Askari wakamshika palepale. Mahelela, kizimbani, akaita jina lake kwa ile sauti yake ya zamani, ya kumfikia mtu mtaa wa pili.

Jaji alingoja patulie. "Huyu ni ndugu wa mshtakiwa, na sasa naye ni mshtakiwa," akasema. "Neno lake peke yake halitoshi kuiangusha Namba. Sheria inataka shahidi kutoka kila kata, mtu mzima, aliyehesabu kwa mkono wake, aape kwa jina lake. Na ajue kwamba akiapa, anatenda kosa lilelile. Nitangoja mpaka bendera ishushwe jioni. Wakikamilika, kosa si kosa tena, ni ukweli wa jiji, na hawa wawili watakwenda nyumbani. Wasipokamilika, watatoka kwa Mlango wa Mashariki leo."

Lechipya wa Bondeni alikuwa wa kwanza, hata kabla Jaji hajafunga faili. Akaja mama mmoja wa Sokoni na unga mikononi. Akaja dereva wa Viwandani. Mwalimu wa Reli. Kabula akaapa kwa kata ya Stesheni, na alipoulizwa kama anatania, akajibu, "Leo hapana, mheshimiwa," na watu waliomjua wakaogopa kuliko walivyoogopa kaburini. Akaja mjane wa Matle. Ndiyo, yeye. Alisimama akasema namba aliyoihesabu, hakumwangalia Nyemo, akaketi. Kata moja baada ya nyingine, wote wamekaa benchi la washtakiwa, wamebanana kama magunia.

Imebaki moja. Kilimani.

Bendera haijashushwa. Askari wawili wamekwishakwenda karibu nayo, mmoja ameishika kamba. Nyemo amekaa chini kando ya mjomba wake, na kila mlango wa ukumbi unapofunguliwa wanageuza shingo pamoja. Unafunguliwa kwa upepo. Unafunguliwa kwa mfagiaji.

Wewe unayo Namba. Iko juu ya lango unalopita kila siku, iko nyuma ya kitambulisho chako. Kikokotoo unacho, maana nimekuona ukipimia mafuta ya gari. Usiniambie umbali, ni mteremko mtupu. Usiniambie yupo mwingine Kilimani atakayekwenda, kwa sababu huyo mwingine naye amekaa sasa hivi anasema upo wewe.

Weka hicho kikombe chini. Hesabu, usimwamini Nyemo, usiniamini hata mimi, hesabu mwenyewe. Halafu vaa viatu, shuka mahakamani, sukuma mlango. Watakuuliza jina. Litaje lote, la kwako na la baba yako, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili.

Nenda. Kamba inalegezwa.